Kuthibitisha Si Kutuhumu

Biashara ya uwakala wa forodha katika bandari ya Kilindini husimama juu ya hati kuliko inavyosimama juu ya shehena yenyewe, kwa maana kontena laweza kukaa juma zima pasipo mtu kuligusa, lakini hati zake, yaani ankara, manifesti, tamko la forodha na stakabadhi za malipo, hupita katika mikono mingi kila siku, na kila mkono unaozishika hubeba sehemu ya amana ya mwenye mali, ambaye aghalabu yuko Kampala, Kigali au Goma, na hajapata kuziona nyuso za makarani wanaomtumikia. Nimetumia sehemu kubwa ya umri wangu nikiwa fundi wa mitandao ya kompyuta katika ofisi za namna hiyo mjini Mombasa, na jambo nililojifunza humo, ambalo nataka kuwaeleza wenye biashara na mafundi vijana wanaotufuata, ni kwamba ulinzi wa mtandao unaotumiwa na watu walio mbali huanza katika tabia kabla ya kuanza katika mitambo, na ya kwanza katika tabia hizo ni kukubali kwamba kumtaka mtu athibitishe kuwa ndiye si kumtuhumu.

Zamani, nami nasema zamani ilhali ni juzi tu, mtu aliyetaka kuzifikia hati zetu alilazimika kufika ofisini kwa miguu yake. Bawabu alimjua, karani wa mapokezi alimsalimu kwa jina, na waya wa kompyuta yake ulipita ukutani ukaishia katika chumba kidogo cha seva. Kwa hiyo hatukuhitaji kufikiri sana juu ya tofauti iliyopo baina ya kumwamini mtu na kumpa ruhusa: aliyekuwamo ndani aliaminiwa, na aliyeaminiwa alifikia kila kitu. Seva ya hesabu, hati za wateja, printa na kamera za ghalani vyote vilikuwa katika mtandao mmoja usio na mgawanyo, na tarishi aliyepewa kompyuta ya kuandikia anwani za bahasha angaliweza, kama angalijua njia, kusoma mishahara ya wakubwa wake. Hapana aliyeliona jambo hilo kuwa taksiri, kwa sababu murua wa watu ulikuwa umelifunika.

Kisha ukaja mwezi wa Machi 2020. Tarehe 13 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akawahimiza waajiri wawaruhusu watu wao wafanyie kazi majumbani. Tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Tarehe 8 Aprili kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale kukazuiwa. Na tarehe 6 Mei Mji wa Kale, ambako baadhi ya makarani wetu walizaliwa na wangali wakikaa, nao ukafungwa. Bandari haikufungwa. Meli ziliendelea kufunga gati, makontena yaliendelea kushushwa, na wenye mali wa bara waliendelea kupiga simu kuuliza mizigo yao imefikia wapi, ilhali karani aliyepaswa kuwajibu alikuwa amekaa orofani kwao na kompyuta ya kuazima, watoto wakimzunguka, na hati zote zimebaki upande wa pili wa kizuizi cha polisi.

Katika dharura ile ofisi nyingi zilifanya lililokuwa jepesi. Ziliufungua mlango wa kuendeshea kompyuta kutoka mbali, ule ambao katika mitambo ya Microsoft hujulikana kwa nambari 3389, zikauelekeza kwenye intaneti waziwazi, na karani akapewa anwani na neno la siri aende zake. Ofisi moja iliniita baada ya majuma machache kwa sababu seva yao ilikuwa nzito. Nilipolifungua daftari la matukio niliona safu za majaribio ya kuingia zilizofuatana usiku kucha bila kupumzika: mgeni asiyejulikana alijaribu jina la Administrator, kisha admin, kisha test, kisha user, kisha yakaanza majina ya watu, John, David, Mary, kila jina kwa maneno ya siri kadhaa, na yalipokwisha akarudi mwanzo. Anwani alizotokea zilibadilika, lakini mwendo wake haukubadilika. Mkuu wa ofisi, niliposoma orodha hiyo mbele yake, aliuliza kwa uchungu ni nani aliyekuwa adui yake. Nikamwambia kwamba hakuwa na adui aliyemjua yeye wala biashara yake. Zilikuwa programu zinazozunguka dunia nzima mchana na usiku zikijaribu kila mlango ulio wazi, na wake ulikuwa wazi.

Mlango ule tuliufunga siku ileile, na badala yake tukajenga njia ya faragha, ambayo mafundi huiita VPN, ambamo kila kipitacho husimbwa kabla ya kutoka katika kompyuta ya karani na husimbuliwa kinapofika ofisini, hata anayechungulia katikati, awe jirani aliyeazima waifai au mtu asiyejulikana katika mkahawa, haambulii chochote cha kusomeka. Wakati ulituauni, kwani tarehe 29 Machi 2020 lilitoka toleo la 5.6 la kiini cha Linux, na kwa mara ya kwanza WireGuard, programu ya njia ya faragha iliyobuniwa na Jason Donenfeld, ilikuwa sehemu ya kiini hicho. Niliichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila chombo kina ufunguo wake, wala hapana ufunguo wa jumla unaogawiwa watu wote, kwa hiyo laptopu ikiibwa kivukoni Likoni hufutwa ufunguo mmoja katika seva, na laptopu hiyo ikawa haina njia tena, wala makarani wengine hawasumbuliwi. Ya pili, njia hiyo haivunjiki mtu anapohama kutoka laini ya nyumbani kwenda kwenye data ya simu, na aliyepata kufanya kazi Kisauni au Bamburi siku ya umeme kukatika ajua thamani ya sifa hiyo. Tena tuliipanga ibebe mambo ya ofisi peke yake, mengineyo yapite njia yake ya kawaida, kwani haikuwa insafu masomo ya watoto na mawaidha ya jioni yapitishwe katika seva ya mwajiri, wala mwajiri hana haki ya kujua nyumba ya karani wake inatazama nini.

Lakini njia iliyosimbwa ni njia tu, na mwizi akiipata naye hupita kwa usalama uleule. Ndiyo maana tuliongeza sharti la hatua ya pili: baada ya neno la siri, karani aandike tarakimu sita zinazotolewa na programu iliyomo katika simu yake, ambazo hubadilika kila baada ya sekunde 30, na ambazo simu huzikokotoa yenyewe hata pasipo mtandao. Wengine walitaka tarakimu hizo ziletwe kwa ujumbe mfupi, nami nikakataa, kwa sababu hila ya kumbadilishia mtu laini yake ya simu, hata ujumbe wake ukamfikia tapeli, imekwisha kuwafilisi wengi katika nchi zetu, wala si busara kuegemeza hazina ya ofisi juu ya jambo ambalo mwizi amelizoea.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipoanza, na haukuwa ugumu wa mitambo. Karani mkuu wa hesabu katika ofisi mojawapo alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, ambaye nilikuwa nikimwita ami, mtu wa maneno machache, aliyekabidhiwa funguo za kasha la fedha na mwasisi wa ofisi mwenyewe. Nilipomwomba simu yake ili nimwekee programu ya tarakimu, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu yake ya siku zote, kisha akasema, “Mwanangu, mimi niliandika hesabu za ofisi hii kwa kalamu ya wino kabla kompyuta haijaingia. Leo kila asubuhi niulizwe mimi ni nani?”

Sikuharakisha kumjibu, maana lile lilikuwa swali la heshima, na swali la heshima halijibiwi kwa maelezo ya mitambo. Nikamwambia, “Si wewe tukuulizaye, ami, twamuuliza yule atakayekuja kwa jina lako.” Akanyamaza. Nikamkumbusha jambo alilolijua kuliko mimi, kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika sura ya Al-Baqara, ni aya ya kuandika deni na kuweka mashahidi, na kwamba wazee wetu wa biashara waliandikiana hati hata ndugu kwa ndugu, na hati hiyo haikupunguza udugu wao bali iliuhifadhi, kwani siku walipohitilafiana katika kukumbuka palikuwa na karatasi ya kuwarejesha kwenye haki. Akatazama chini kwa muda, kisha akanipa simu. “Haya,” akasema, “weka huyo shahidi wako.”

Wataalamu wa dunia nao wamefikia fikra hiyo kwa njia yao. Mwaka 2010 John Kindervag, alipokuwa mchambuzi katika shirika la Forrester, alifundisha kwamba mtandao usimwamini mtu wala chombo kwa sababu tu ya mahali kilipo, bali kila ombi lithibitishwe kwa nafsi yake. Kampuni ya Google, baada ya kushambuliwa mwaka 2009, iliujenga upya mfumo wake wa ndani kwa msingi huo, na mwaka 2014 ikaanza kuutangaza. Na Agosti 2020 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo kamili juu yake. Hata kabla ya hao, mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa chuo cha MIT walikwisha kuandika kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe ruhusa ile tu inayoihitajia kazi yake. Kanuni hii ya pili ni pacha wa ile ya kwanza, na ofisi inayothibitisha watu wake kwa bidii, kisha ikamwachia kila aliyethibitishwa afike kila mahali, imefanya nusu ya kazi.

Anayeona kwamba kuugawanya mtandao ni kujisumbua bure na aitazame ibra ya Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichokuja kuitwa NotPetya, ambacho kilienezwa kupitia programu ya uhasibu iliyotumiwa sana Ukraine, kiliingia katika mtandao wake, na kwa kuwa hakikukuta kizuizi cha maana baina ya ofisi na ofisi, kilivuka nchi hata nchi kwa muda mfupi mno. Mwenyekiti wake, Jim Hagemann Snabe, alieleza mjini Davos mwezi wa Januari 2018 kwamba iliwalazimu kuweka upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 katika muda wa siku 10, nayo hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutika kote ulimwenguni isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio. Na kwa kuwa laini ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kwa kutuma nakala ile, na wafanyakazi wa huko hawakuwa na viza ya Uingereza, diski ilichukuliwa kwa mkono hadi Nigeria, ikapokewa na mwingine aliyeipeleka London kwa ndege. Kampuni yenye meli katika bahari zote iliokolewa na giza la ofisi moja ya Afrika Magharibi. Mwenye ofisi ndogo asiingoje rehema ya namna hiyo.

Sisi tulitenga hesabu na hati za forodha, tukatenga printa na kamera, ambazo aghalabu husahauliwa bila kusasishwa hata zikawa njia ya mwizi, na wageni wanaokuja kuomba waifai tukawapa mtandao wao usioona chochote cha ofisi. Nakala za akiba tuliziweka tatu, katika vyombo vya namna mbili, moja ikikaa nje ya jengo na ikiwa imechomolewa kabisa katika mtandao. Wala hatukuridhika kuwa nazo tu. Kwa nyakati tulizoziweka tulirejesha faili kutoka katika nakala hizo na kulisoma, kwa sababu nakala isiyopata kujaribiwa ni tumaini tu.

Muda si mrefu baadaye yule shahidi aliyewekwa katika simu ya ami aliitwa kutoa ushahidi. Mteja mmoja wa Uganda alipokea barua pepe kwa jina la ami, yenye salamu zake kama azitoavyo, nambari sahihi za makontena, na kiasi cha ada kilicho sawasawa, ikimtaka alipe katika akaunti mpya ya benki. Mteja alikuwa mtu makini. Alipiga simu ofisini kwa nambari aliyoijua zamani, wala si ile iliyoandikwa katika barua. Fedha zikasalimika, lakini ndani ya ofisi palizuka fitina, kwani nani mwingine angejua nambari zile za makontena isipokuwa aliye ndani? Wakubwa walikaa faragha, na jina la mzee yule, aliyeitumikia nyumba ile kwa uaminifu, likatajwa kwa namna isiyompendeza mtu yeyote mwenye haya.

Nililetewa kadhia hiyo asubuhi, na kabla ya adhuhuri ilikwisha. Katika daftari la seva ya barua hapakuwa na barua yoyote iliyotumwa kwa mteja yule saa ile. Kila kuingia kwa ami katika siku zile kulitoka katika laptopu yake yenye ufunguo wake, na kila mara tarakimu sita ziliandikwa. Kisha tukaitazama anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, na pale palipostahili herufi m palikuwa na r na n zimekaa pamoja, ambazo katika kioo cha simu jicho haliwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Tapeli hakuingia kwetu. Aliingia katika sanduku la barua la mteja, akasoma mazungumzo yote ya zamani, akasajili jina linalofanana na letu, akaandika. Wakubwa walimwita ami, wakamwomba radhi mbele yangu. Hapo nilifahamu kwa uzito wake maana ya yale niliyokuwa nikiyasema: kama mzee yule angaliachwa bila kuulizwa, kwa kuwa ni mwaminifu, uaminifu wake usingalikuwa na shahidi siku ulipohitajiwa, na angaliondoka ofisini kwa jina lililopakwa matope na mtu asiyepata kumwona.

Tangu siku hiyo iliwekwa kanuni kwamba akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua, awe mwandishi ni nani, mpaka mtu apige simu kwa nambari ya zamani na kusikia sauti. Kanuni hiyo haigharimu hata senti, nami naihesabu sawa na mtambo wowote niliopata kuufunga.

Liko na jambo la mtu anayeaga kazi. Tarehe 7 Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, yenye bomba la mafuta la maili 5,500 kutoka Texas hadi New Jersey, ililazimika kulifunga baada ya kutekwa kwa kompyuta zake, na watu wa majimbo ya mashariki wakapanga foleni katika vituo vya petroli. Mkuu wake, Joseph Blount, alikiri mbele ya kamati ya Baraza la Seneti kwamba walilipa kikombozi cha dola milioni 4.4. Njia waliyopitia wezi ilikuwa akaunti ya zamani ya VPN ambayo haikuwa ikitumiwa tena, lakini haikufutwa, na haikuwa na hatua ya pili ya uthibitisho. Neno moja la siri, la mlango uliosahauliwa, lilitosha.

Katika ofisi zetu kufuta ruhusa ya anayeondoka huonwa kuwa jambo la ukatili, kana kwamba mtu anafukuzwa mara ya pili, na kwa haya hiyo akaunti huachwa mwaka hata mwaka. Ami alilitatua jambo hilo kwa kitendo. Siku yake ya kustaafu, baada ya dua na chakula, alinifuata akaniambia, “Njoo uufute ufunguo wangu nikiwapo, nione kwa macho yangu. Nisije nikaulizwa juu ya mambo ya ofisi hii hali nimelala kwangu.” Tukaufuta pamoja, akasoma katika kioo kwamba haumo tena, akashukuru. Baada ya hapo makarani wengine walioaga walidai wafanyiwe vivyo hivyo, na lililokuwa aibu likawa ada.

Jambo la mwisho katika tabia ni kumwacha mtu aseme. Karani aliyefungua kiambatisho kibaya akiwa peke yake nyumbani hana jirani wa kumshika mkono, na kama ajua kwamba akisema atafokewa mbele ya wenzake, atanyamaza, na kila saa ya kunyamaza ni faida ya mwizi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka mwenye kutunza habari za watu amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba habari hizo zimeingiliwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe. Saa hizo hazimfai mkuu ambaye makarani wake wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa mwizi. Kwa hiyo niliwashauri wakuu watoe nambari moja ya simu inayopokewa wakati wowote, na neno la kwanza la anayeipokea liwe ahsante.

Siku hizi makarani hufika ofisini siku kadhaa za juma na siku nyingine hukaa majumbani, na sidhani kwamba desturi hii itaondoka, kwa kuwa imewapunguzia wengi gharama na adha ya foleni ya kivukoni. Mwenye biashara anayetaka kuanza leo na aanze na machache: aufunge kila mlango ulioelekezwa kwenye intaneti pasipo sababu, kila chombo akipe ufunguo wake, hatua ya pili iwe sharti, ruhusa ipimwe kwa kazi, nakala zijaribiwe, na jina la aliyeondoka lifutwe siku anapoondoka. Lakini kabla ya yote hayo na aanze na nafsi yake. Nimeona ofisi ambazo mwenye mali aliamuru watu wote wathibitishwe, kisha yeye mwenyewe akataka asamehewe tarakimu sita kwa kuwa ni mkubwa, na katika muda mfupi ndugu zake wakaomba msamaha huo, kisha marafiki wa ndugu zake, hata sharti likabaki kwa makarani wadogo peke yao, nao wakalielewa kuwa ni tuhuma, na walikuwa na haki ya kulielewa hivyo. Uthibitisho huwa heshima pale tu unapowahusu watu wote sawasawa. Mwenye mali akikubali kuulizwa yeye kwanza, kila asubuhi, mbele ya wafanyakazi wake, hapana karani atakayeona haya kuulizwa baada yake.